Masomo ya Nyumbani: Je, Serikali Ipige Hodi?

Waliohudhuria mjadala wa Chama chetu cha Kiswahili muhula uliopita watakumbuka jinsi bwalo lilivyotikisika. Hoja ilikuwa hii: "Masomo ya nyumbani yadhibitiwe na serikali." Wapendekezaji walisema mtoto asiyefika shuleni ni mtoto aliyefichwa. Wapinzani nao wakajibu kwa ukali, "Bwana Mwenyekiti, mtoto ni wa mzazi, si wa waziri!" Makofi yalipigwa hadi vikombe vikaanguka mezani.

Ndipo msichana mmoja wa Gredi ya 10 akasimama kule nyuma, karibu na dirisha la jikoni, akauliza kwa sauti ndogo: "Na matokeo yao je? Hao wanaosomea nyumbani, hupita mtihani ama huanguka?"

Kimya. Wapendekezaji walitazamana na wapinzani wakatazama sakafu. Kumbe tulikuwa tumebishana saa nzima juu ya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelichunguza! Mlezi wa chama alicheka, akanigeukia mimi katibu. "Wewe unayeandika kumbukumbu, nenda ukatafute jibu, utuletee kwenye jarida." Basi, msomaji, nililolipata ndilo hili.

MASOMO YA NYUMBANI NI NINI?

Kwanza tuelewane. Masomo ya nyumbani si tuisheni ya jioni, wala si ile kazi ya likizo ambayo wengi wetu huifanya usiku wa kuamkia siku ya kufungua. Ni uamuzi wa mzazi kwamba mtoto wake hataandikishwa katika shule yoyote. Mzazi mwenyewe, au mwalimu aliyemwajiri, ndiye atakayemfundisha tangu kusoma na kuandika hadi kufikia mitihani. Hapa Kenya baadhi ya wazazi hao hutumia mtaala wa kigeni, kama ule wa Cambridge wa Uingereza, au ule wa Marekani uitwao Accelerated Christian Education.

Sababu zao ni nyingi. Wako wanaosukumwa na dini. Wako wenye mtoto mgonjwa au mlemavu ambaye shule ya karibu haina nafasi wala vifaa vya kumfaa. Wengine wanahamahama kwa ajili ya kazi, na wengine wamechoka na madarasa yaliyofurika, ambamo mwalimu mmoja hawezi kumwona kila mtoto.

Usiseme haya ni mambo ya Wazungu. Kabla ya shule kufika huku kwetu, mtoto wa Kibukusu alifunzwa na kukhu kando ya jiko na na kuka penye mifugo. Kule Pwani, watoto walisoma Kurani na hati za Kiarabu katika vyuo vilivyokuwa barazani au chumbani mwa mwalimu. Lakini angalia jambo moja. Mafunzo yale yalikuwa ya nyumbani, ila hayakuwa ya kificho. Kijana aliyefika siku ya kutahiriwa alisimama mbele ya ukoo mzima, na ukoo ukajua kama alifunzwa au la. Mtoto aliyehitimu msahafu alisherehekewa hadharani. Mkaguzi alikuwepo, nacho kilikuwa kijiji chenyewe.

MWAKA TULIOSOMEA NYUMBANI SOTE

Sisi tulio Kidato cha Tatu hatuhitaji kuhadithiwa masomo ya nyumbani. Tuliyaonja. Mnamo Machi 2020, kwa sababu ya korona, shule zote nchini zilifungwa. Darasa la Nne, la Nane na Kidato cha Nne walirudi tarehe 12 Oktoba mwaka huo. Sisi wengine tulikaa nyumbani hadi Januari 2021. Nilikuwa Darasa la Tano.

Dada yangu alikuwa amemaliza Kidato cha Nne mwaka uliotangulia. Alichukua kipande cha katoni, akachora ratiba, akaipigilia msumari ukutani. Asubuhi tulisikiliza masomo yaliyotayarishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) kwenye redio ya baba. Mchana ilikuwa hesabu. Tukipukuchua mahindi, dada huuliza: "Gunia la kilo 90, gorogoro moja ni kilo mbili, tutapata gorogoro ngapi?" Ukisema 40 unarudia. Ukisema 45 unapewa hindi la kuchoma. Jumamosi alitutungia mtihani, naye baba, ambaye hakufika mbali kimasomo, aliketi pale mlangoni kuhakikisha hakuna anayeibia. Nilimchukia dada yangu miezi ile yote. Leo namshukuru.

Nilikuwa na rafiki wa dawati moja. Nyumba yao na yetu zimetenganishwa na shamba moja tu la miwa. Mama yake hakuwa mvivu wala mjinga. Aliondoka alfajiri kwenda kuuza mboga sokoni na kurudi jioni, kwa maana watoto hawali ratiba. Nyumbani hapakuwa na redio wala mkubwa wa kuuliza, "Leo umesoma nini?" Rafiki yangu alianza kuosha pikipiki pale stejini, baadaye akafundishwa kuziendesha. Tuliporudi Januari 2021 aliitwa ubaoni kufanya kugawanya kwa njia ndefu, somo alilokuwa akinishinda mimi kila mara. Alisimama pale na chaki mkononi hadi kengele ikalia. Mwaka 2023, tulipokuwa tukiandikishwa kufanya KCPE, jina lake halikuwepo. Kwa sasa ndiye anayenibeba siku za kufunga shule, na nauli yangu huikataa.

Miezi ilikuwa ile ile, kijiji kile kile, na sote wawili tulikuwa nyumbani. Nilipoanza kutafuta jibu la yule msichana wa Gredi ya 10, sikujua kwamba watafiti wa mbali walikuwa wameona jambo kama hilo.

TAKWIMU ZINASEMAJE?

Wanaotetea masomo ya nyumbani hupenda kuutaja utafiti wa Mmarekani Lawrence Rudner, uliochapishwa mwaka 1999. Ulihusu wanafunzi 20,760 waliosomea nyumbani. Alama zao zilikuwa juu mno. Ukiwapanga wanafunzi 100 wa nchi nzima kwa mstari kutoka wa mwisho hadi wa kwanza, yule wa nyumbani aliye wa kadiri angewapita kama 70 hadi 80 kati yao. Ukisikia hivyo, utataka kufunga daftari na kurudi kwenu!

Lakini subiri kidogo. Familia zile hazikuteuliwa kwa kura. Ni zile zilizojitokeza zenyewe kuufanya mtihani, na mzazi anayejua mtoto wake hajui kitu hana haraka ya kumpeleka kupimwa. Aidha, wazazi wengi miongoni mwao walikuwa wamesoma na kipato chao kilikuwa kizuri kuliko cha Mmarekani wa kawaida. Rudner mwenyewe alionya kwamba matokeo yake hayathibitishi kuwa nyumbani ni bora kuliko shuleni. Onyo hilo wengi huliruka.

Utafiti wa pili ni mdogo ila una mafunzo zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa Kanada walitoa matokeo ya watoto 37 wa nyumbani waliolinganishwa na 37 wa shule, wenye umri wa miaka 5 hadi 10. Safari hii watafiti waliwapima watoto wenyewe, hawakumwachia mzazi. Waligundua kwamba watoto wa nyumbani hawakuwa kundi moja. Watoto 25 walifundishwa kwa mpango, yaani kwa vitabu na masomo yaliyopangwa. Hao waliwashinda wa shule. Wengine 12 waliachwa wajifunze wapendavyo, bila mpango. Hao walibaki nyuma ya wa shule, na nyuma zaidi ya wenzao wa nyumbani. Watoto 12 ni wachache, hatuwezi kuapa kwa jina lao. Hata hivyo, niliposoma habari zao nilikumbuka katoni ya dada yangu, nikamkumbuka rafiki yangu.

Sasa kabla walimu wetu hawajafurahi sana, tugeukie upande wa pili. Kuanzia mwaka 2009 mradi wa Uwezo ulipima watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda. Wajitolea wake walienda nyumba kwa nyumba, wakampa mtoto hadithi fupi ya kiwango cha Darasa la Pili na hesabu chache. Katika ripoti zake za miaka ya kwanza, ilionekana kwamba kati ya watoto 10 wa Darasa la Tatu nchini Kenya, ni kama 3 tu walioweza kazi ya Darasa la Pili. Hawa si watoto wa nyumbani, bwana! Hawa walivaa sare, wakajibu majina yao asubuhi, wakala githeri ya shule.

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kuwa na jengo lenye bendera si hakikisho kwamba mtoto anajifunza, na kukaa nyumbani si hakikisho kwamba hajifunzi. Kilichopo ndani ndicho cha kutazamwa.

SHERIA YA KENYA INASEMAJE?

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaongeza makali. Kifungu chake cha 30 kinamtaka mzazi kuhakikisha kwamba mtoto anahudhuria shule, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na waziri. Mzazi anayekaidi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili.

Jambo hili halikubaki kwenye karatasi. Mzazi mmoja wa upande wa Kakamega, majirani zetu hawa, alikamatwa kwa kuwasomesha watoto wake nyumbani. Yeye na mwenzake wakaenda Mahakama Kuu jijini Nairobi mwaka 2019, wakidai kwamba sheria ile inakiuka haki zao kama wazazi. Mwaka 2021 mahakama ilikataa ombi lao.

Ukisoma Azimio la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la mwaka 1948 utashangaa. Kifungu cha 26 kinasema elimu ya msingi iwe ya lazima. Kifungu hicho hicho, mistari michache chini, kinasema wazazi ndio wenye haki ya kwanza kuchagua aina ya elimu ya watoto wao. Kwa hiyo pale bwaloni pande zote mbili zingeweza kusimama na karatasi moja mkononi.

WENZETU WANAFANYAJE?

Nchi hazikubaliani. Ujerumani imekataza, na mwaka 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliunga mkono msimamo wake. Marekani imeruhusu katika majimbo yote 50, lakini kila jimbo lina kanuni zake. Kule Texas mzazi halazimiki hata kuiarifu serikali. Kule New York anapeleka mpango wa masomo, taarifa kila robo ya mwaka, na tathmini mwaka ukiisha.

Afrika Kusini imechagua njia ya katikati. Sheria yake ya shule ya mwaka 1996 inamruhusu mzazi kusomesha nyumbani mradi amwandikishe mtoto kwa idara ya elimu. Mwaka 2024 sheria hiyo ilirekebishwa, na mzazi sasa anatakiwa kuleta tathmini ya mtoto iliyofanywa na mtu mwenye ujuzi. Kwa maneno mengine, serikali inapiga hodi, inakaribishwa, inaona daftari, halafu inaondoka.

TATIZO LA CHETI

Msomaji, hapa ndipo penye mwiba, na pale bwaloni hatukupagusa kabisa.

Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, kila kitu kiliamuliwa siku za mtihani. Katika KCSE, Baraza la Mitihani (KNEC) lina utaratibu wa watahiniwa wa kibinafsi. Mtu anajiandikisha katika kituo, analipa ada, anafanya karatasi zake. Shida yake kubwa ni maabara, kwani huwezi kufanya mazoezi ya kemia kwa sufuria za mama.

Lakini KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na kikundi chetu ndicho kitakachofanya KCSE ya mwisho ya 8-4-4 mwaka 2027. Wadogo zetu wa mtaala wa umilisi wanahesabiwa tofauti. Wale waliomaliza Gredi ya 9 mwaka 2025 walipangiwa shule za sekondari ya juu kwa kujumlisha mambo matatu: mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 asilimia 20, tathmini ya shuleni ya Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 asilimia 60.

Piga hesabu mwenyewe. Tathmini ya shuleni hufanywa na mwalimu wa shule, na alama hupelekwa na shule. Mtoto asiye na shule atazitoa wapi? Kabla hajashika kalamu ya mtihani wa mwisho, tayari kuna asilimia 20 ambazo hana pa kuzipatia. Anaweza kuwa hodari kama nini, lakini hana mlango wa kupitishia uhodari wake. Ndiyo maana baadhi ya wazazi huishia kwenye mitihani ya kigeni, ambayo ada yake mkulima wa mahindi wa hapa Mabanga au Kitale hawezi hata kuiota. Basi masomo ya nyumbani yanageuka kuwa ya matajiri, naye maskini anayejaribu anaitwa mvunja sheria.

JE, TUFANYE NINI?

Wapinzani wa hoja walikuwa na hofu ya haki. Walisema serikali ikishaingia nyumbani haitoki. Walisema ofisi inayoshindwa kuzikagua shule zilizo kando ya barabara itawezaje kukagua nyumba? Na ni kweli kwamba wako wazazi wanaofundisha vizuri kushinda shule. Wapendekezaji nao walikuwa na hofu ya haki. Mtoto asiyeonekana na mwalimu yeyote anaweza kuchungishwa ng'ombe, kuozwa mapema au kupigwa, na jirani asijue. Shuleni kuna angalau jicho moja la mgeni.

Mimi kwa maoni yangu naunga mkono hoja, lakini si kwa rungu. Kumfunga mzazi mwaka mzima hakumfundishi mtoto kugawanya. Sheria yenyewe tayari imetaja taasisi nyingine zinazoweza kuidhinishwa, basi bunge na wizara wauweke mlango huo wazi kwa masharti mepesi. Mzazi amwandikishe mtoto katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, apewe nambari kama mwanafunzi mwingine. Aonyeshe mpango wa masomo, hata kama umeandikwa kwenye katoni. Mtoto afike shule ya karibu mara moja kila muhula kufanya tathmini pamoja na wenzake, ili alama zake ziingie kwenye hesabu. Na maabara ya shule hiyo imfungulie mlango siku za mazoezi.

Mtu akisema haiwezekani kukagua nyumba, mwambie habari za Uwezo. Wajitolea wa kawaida waliketi na watoto nyumbani mwao, na hadithi fupi kwenye karatasi moja, na kwa dakika chache wakajua nani anasoma na nani anabahatisha. Hawakuhitaji askari. Walihitaji kubisha mlango, kusalimu wenyeji, na kumsikiliza mtoto.

Na tusiogope kuliuliza swali lile lile shuleni. Kama mzazi atatakiwa kuonyesha kwamba mtoto anajifunza, basi shule yenye watoto 80 darasani ionyeshe pia. Haki iwe haki pande zote.

Kwa yule mwenzetu wa Gredi ya 10, jibu lako ni hili: wako wanaopita na wako wanaoanguka, na kinachowatenganisha ni kama kuna mtu aliyepanga kazi, aliyeisimamia, na aliyeuliza jioni, "Leo umesoma nini?" Mimi niliulizwa. Rafiki yangu wa dawati moja hakuulizwa na mtu yeyote, si mzazi, si jirani, si ofisi ya serikali. Kama mwaka ule wa 2020 kuna mtu angepiga hodi kwao mara moja tu, pengine leo tungekuwa naye hapa Kidato cha Tatu, akinishinda hesabu kama zamani.

Kalamu yangu naiweka chini hapa. Mwenye maoni tofauti aje chama Alhamisi jioni, mlango uko wazi.